Mrija wa Papa Umetolewa Chunguni

Jumapili, Malaba. Jua linachoma, mawingu yanatudanganya tangu asubuhi, na foleni ya malori imefika karibu na lango letu. Nimetoka kanisani na hasira ile ile niliyoingia nayo.

Kwa msiotujua: baba yangu, tunayemwita Papa, ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono wa kulia unatetemeka, hatua zimekuwa fupi, na hata akifurahi uso hauonyeshi. Lakini kila Jumamosi alikuwa na kiti chake kwa Mzee Ekisa, rafiki yake wa tangu ujana. Hapo wazee huzunguka chungu kimoja cha ajono, pombe yetu ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Siku hizi Papa alikuwa anavuta kidogo tu. Alikuwa anafuata stori.

Walikuwa wanamtania. "Huyu hulewa kabla ya kunywa," Mzee Ekisa alizoea kusema, na Papa anacheka naye. Aliyeumia ni mimi. Mimi mwalimu wa bayolojia, baba yangu aitwe mlevi? Haiwezekani!

Basi Jumamosi, siku nane zilizopita, nikajipeleka pale kuwafundisha.

Niliwaambia kwamba ndani ya ubongo kuna protini inaitwa alfa-sinukleini, na sisi wote tunayo. Ikiwa peke yake huelea tu, haina umbo. Ikikutana na utando ndani ya seli ya neva, hasa ule wa vifuko vidogo vinavyobeba ujumbe, upande mmoja hujisokota ukashika, na mkia ukabaki unaning'inia. Hiyo ni kazi yake ya kawaida. Shida huja protini hizo zinapoanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, zikafanya madonge kama uji uliokorogwa vibaya, na seli ikaumia mpaka ikafa. Wazee wakaitikia, "Ehee, mwalimu."

Ningenyamaza hapo. Lakini mdomo wangu, jamani! Nikaongeza kwamba watafiti wanashuku madonge hayo yanaweza kutoka seli moja yakaingia nyingine, nayo ikaharibika.

Mzee Ekisa alitazama mrija wa Papa, kisha akatazama wake. Nilidhani anatafakari.

Jana Papa alipofika, kiti chake kilikuwa kimesogezwa kando ya ukuta, na juu yake kikombe cha plastiki. Mrija wake ulikuwa umetolewa chunguni. "Ndugu yangu, usikasirike," Mzee Ekisa alimwambia. "Mwalimu alisema hii kitu inahama."

Papa hakugusa kikombe. Aligeuka akarudi nyumbani, na tangu jana hajatoka nje ya boma.

Leo baada ya ibada nilienda moja kwa moja kwa Mzee Ekisa. Nikaeleza mpaka sauti ikakauka: inahama ndani ya kichwa chake mwenyewe, mzee, haitoki kwa mate, haipiti kwa mrija, haijawahi kumpata mtu kwa kuketi na mwenzake. Alinisikiliza vizuri. Halafu akasema, "Lakini mwalimu, ni wewe ulituambia wanasayansi bado hawajui yote."

Nilisema hivyo, kweli. Nilitaka kulia.

Aliyenimaliza kabisa ni Papa, niliporudi nyumbani. Sauti yake siku hizi ni ya chini, ilibidi niiname nimsikie. "Waliposema nimelewa," akasema, "nilikuwa na kiti."



Nimekasirika na wazee, nimekasirika na protini, na zaidi nimejikasirikia mimi na ujuaji wangu.

Mimi sinywi. Niliokoka, naimba kwaya, na pombe haijawahi kugusa ulimi wangu. Lakini Jumamosi ijayo, Papa akikubali, nitampeleka kwa mkono wangu. Nitarudisha kiti chake mahali pake na mrija wake chunguni. Atavuta yeye kwanza, kisha nitaupokea ukiwa bado umelowa mate yake, nivute mbele yao wote. Kwaya iseme itakavyosema.

Na safari hii sitaeleza kitu.