Nguzo Tatu za Ukuta wa Kaskazini

Rungwe Mpya,
Kasulu, Kigoma.
3 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Ange,

Amahoro, mdogo wangu. U mzima? Baridi ya huko Uingereza inakutendeaje, na wale wazee unaowauguza wanaendeleaje? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Maharage tumevuna, mahindi yanabeba. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikisikia sauti yako kwenye simu maneno hunikatika, nikabaki kuuliza kama huko mvua imenyesha.

Mwaka umepita tangu wifi yako Epifania atutoke. Mwanangu Harerimana alirudi Kibondo kufundisha mara tu baada ya matanga. Bado nasonga ugali wa watu wawili, mkono haujajifunza. Unaobaki wanakula kuku.

Sasa habari ya kanisa letu. Ukuta wa kaskazini ulianza kuinamia nje, ufa ukapanda hadi juu ya dirisha. Mwezi wa sita mwaka jana wazee wa kanisa waliamua livunjwe lote, tujenge jingine. Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki: tofali za ukuta ule Epifania alizisomba kichwani kutoka tanuruni, akiwa na mimba ya Harerimana. Kikaoni sikulisema hilo. Niliona haya.

Ndipo zikaja picha zako za kanisa la kijiji unachoishi. Nilizitazama siku mbili kwa jicho la fundi. Mnara mfupi, mnene, wa mawe. Dirisha moja lina tao la duara, la pili tao lililochongoka, kana kwamba kila kizazi kilileta fundi wake. Mlango wa zamani umezibwa kwa mawe. Ndani hakuna dari, kenchi nyeusi za mbao zinazobeba paa ziko wazi. Uliniambia lina miaka mia nane. Na nje nikaona zile nguzo zilizoshikana na ukuta, pana chini, nyembamba juu, zimeukinga usilale. Nikasema, kumbe hata wao ukuta wao uliwahi kuwachosha.

Nikampelekea simu mzee Makarius, mwenyekiti wetu. Akaikuza picha kwa vidole.

"Hili la mawe, Niyubahwe. Letu la tofali."

"Mzee, ukuta ukichoka hauulizi ni wa nini. Unataka wa kuushika."

"Na ukikuangukia?"

"Mtakuwa mmepunguziwa kazi ya kubomoa."

Hakucheka. Akanipa muda mpaka mvua za Novemba.

Nilijenga nguzo tatu, wiki saba, peke yangu. Kuchimba msingi mimi, kukoroga mimi, kupanda jukwaani mimi. Siku moja nikiwa juu nilinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nipime kama nguzo imesimama wima, nikasema, "Nipe timazi." Epifania ndiye aliyekuwa akinipa, miaka yote. Mkono ukabaki hewani. Nilishuka, nikakaa juu ya mchanga hadi jua likageuka, na siku ile sikujenga tena.

Nilibandika kipande cha kioo juu ya ufa, ukuta ukisogea kipasuke. Desemba mvua ilipiga siku nne mfululizo. Nilikwenda kila asubuhi kukitazama. Hakikupasuka. Wazee wakaacha habari ya kuvunja, na Krismasi tukasali humo humo. Makarius akanisimamisha mbele, watu wakapiga makofi na vigelegele. Halafu kila mtu akaondoka na wa kwake. Nikabaki nikifagia sakafu iliyokuwa safi.

Ange, uliniandikia kwamba huko Jumapili mnakuwa watu tisa, kila mmoja na benchi lake, nawe unakaa karibu na mlango ili utoke bila kusemeshwa. Usifanye hivyo, mdogo wangu. Mimi nilikuwa hivyo mwaka mzima. Jana nilikwenda kukaa kwenye benchi la shangazi Ndayikunda. Hakunitazama, alinisogezea tu kitabu cha nyimbo tukakishika pamoja, yeye huku, mimi huku. Nilishindwa kuimba, lakini nilikaa. Jumapili ijayo kakae karibu na mtu mmoja. Mmoja tu.

Shangazi anakusalimu sana, Harerimana pia, na Zuleha wa dukani Kasulu bado anauliza utakuja lini. Mungu akutunze ugenini, akupe mtu wa kunywa naye chai.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,
Niyubahwe