Gogo Lililolia Mbele ya Wageni

Tomsk, 19 Machi

Baba yangu mpendwa,

Tangu Jumamosi masikioni mwangu mna sauti moja tu, ya gogo kavu la msonobari likijibu nyundo. Nisamehe kwa kutanguliza hilo kabla ya salamu. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima. Barafu ya mtoni bado inabeba watu, ila mapaani imeanza kudondoka, na kila kipande kikianguka nashtuka.

Unajua kwamba siku za kazi napima nyumba za kale za mbao, na Jumamosi natembeza wageni mjini kwa miguu. Alhamisi mkuu wangu, Gleb Arkadyevich, aliniwekea mezani ripoti iliyokwisha kuchapwa: Mtaa wa Kinu, namba kumi na saba, magogo yameoza, haifai kukaliwa, ibomolewe. Ilibaki sahihi yangu tu. Nikasema sijaipima. Akacheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa bibi harusi wa kubembelezwa, akanipa hadi Jumatatu.

Jumamosi nikawapitisha wageni ishirini hapo. Sikupanga kusimama. Lakini Pelageya Kuzminichna, mjane anayeishi humo, alifungua dirisha akauliza kama tumekuja kununua nyumba au kumkingia jua. Wageni wakacheka. Mama mmoja kutoka Omsk akataka kujua gogo bovu hutambulikaje. Nikafanya ulivyonifundisha: nikatoa nyundo mkobani, nikagonga magogo ya chini, ambako uozo huanzia, nikawaambia kwamba bovu hunyamaza. Hakuna lililonyamaza. Pelageya akapaza sauti kwamba nikimaliza nyumba nimpime na yeye magoti, hayo ndiyo yameoza.

Nyuma ya kundi alikuwapo mwanamume mwenye kofia ya kijivu ambaye sikumwandikisha. Wengine walipotawanyika alinisogelea, akaniambia kwa upole kama mjomba kwamba mimi, Serafima Yegorovna, nimegonga vizuri, na kwamba mbao nzima, kavu, ndizo huwaka vizuri zaidi. Baba, wageni wale niliwaambia jina langu ni Sima tu. Yeye alilijua lote, na jina lako, la baba, ndani yake. Baada ya hapo nilimwona mara mbili uani kwangu, akivuta sigara, macho kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, dirisha langu.

Sasa nikuambie jambo nililolificha tangu vuli. Nyumba iliyoungua Oktoba, ile niliyokuandikia kwamba ni hitilafu ya umeme, ripoti yake ya kuoza niliitia sahihi mimi. Sikugonga hata gogo moja. Gleb Arkadyevich alisema ni utaratibu tu, nami nilitaka kuonekana mtu anayeijua kazi. Wiki tatu baadaye ikawaka. Ignat, fundi viatu aliyekataa kuhama, alitolewa hai, lakini vidole vyake havikunjiki tena. Nilikutana naye dukani mwezi uliopita, nikamshikia mlango, akanishukuru.

Naogopa, Baba. Niliogopa hata lifti ikisimama kwenye ghorofa yangu. Usimwambie Mama haya yote. Mwambie nala vizuri, na kwamba jamu yake ilifika bila kumwagika. Nisalimie shangazi Klavdia, na mbwa umkune kwa niaba yangu.

Jumatatu sikwenda ofisini. Nilikwenda kwa mwendesha mashtaka na karatasi mbili: ripoti ya kweli ya namba kumi na saba, na maelezo yangu juu ya ile iliyoungua. Karani aliniuliza kama naelewa kwamba hiyo ya pili inanishtaki mimi mwenyewe. Nikasema naelewa, akaigonga muhuri. Kisha nikaenda kwa Pelageya Kuzminichna, nikamweleza kila kitu. Akasema basi nichukue chumba cha mbele, maana usingizi wake ni mzito na nyumba inahitaji mtu mwenye pua ya kunusa moshi.

Barua zako zitume huku: Mtaa wa Kinu, namba kumi na saba. Nimehamia jana.

Binti yako,
Sima