Oili ya Abti Salat

Mpendwa Mama Sabrin, asalaam aleikum, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi maana akili yangu imegota. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Galbet, nina pikapu kuukuu ya kubebea maziwa ya ngamia, na aliyenifundisha kuendesha ni Abti Salat, kaka yake mama, tena alinikalisha kwenye usukani mbele ya mashemeji waliokuwa wakisema mwanamke na gari wapi na wapi, kwa hivyo yeye akisema neno mimi huitikia tu. Mwezi uliopita nilimwambia steringi inalia na oili yake imepungua, naye aliporudi kutoka Mandera akaniletea zawadi, kidumu cha oili nyekundu kisicho na maandishi yoyote, akaniita abti kama ninavyomwita, akasema, "Abti, hii ndio ya steringi, wacha kuzunguka maduka." Sikusoma kifuniko cha tangi la steringi wala sikuuliza fundi, nikamimina mbele yake nikishukuru. Sasa steringi ni nzito kama jiwe la kusagia, pampu inanguruma, na jana kwenye kona ya soko nilikosa kidogo tu kugonga punda wa mkokoteni wa maji. Alhamisi abti ameomba pikapu aende harusini Griftu na mkewe Batula, na wajukuu wanne nyuma. Nikimwambia nitamwaibisha mtu pekee aliyenisimamia na mashemeji watapata la kusema, nikinyamaza roho yangu haitulii. Nifanyeje?

Sahro, Galbet

Sahro, waleikum salaam. Nakuhurumia, na pia nakushangaa. Mashemeji umewataja mara mbili, punda mara moja, na punda ndiye aliyekuwa karibu kufa.

Pikapu isitoke uani. Nimeendesha lori la maji huko Wajir miaka kumi na mmoja na sijaona steringi nzito ikijirekebisha njiani. Na hiyo rangi nyekundu haikwambii kitu. Oili ya giaboksi ya otomatiki, ile mafundi huita ATF, mara nyingi ni nyekundu, na kuna magari yanayoitumia kwenye steringi. Mengine yana oili yao maalumu, na ukiyapa nyingine mipira ya ndani huharibika. Jibu limeandikwa kwenye kifuniko ulichokifungua bila kukisoma, au kwenye kitabu cha gari. Kama maandishi yamefutika, mpe muuza spea aina ya gari na mwaka wake. Fundi amwage oili yote, asafishe, aweke mpya iliyofungwa kiwandani. Usiongeze nzuri juu ya mbaya.

Sasa abti. Soma barua yako tena. Oili ilipungua kabla hajakuletea zawadi, na gari halinywi oili ya steringi, linaivujisha. Fundi aitafute hiyo hoosi, mpira unaopitisha oili, au pampu inayovuja. Kidumu kilizidisha ugonjwa, hakikuuanzisha. Kwa hivyo mwambie, "Abti, gari linavuja, twende gereji pamoja," na hutakuwa umesema uongo. Mkifika, habari ya kidumu mwambie wewe kwa mdomo wako kabla fundi hajamwambia. Atanuna kidogo, halafu atakunywa chai. Gari lisipopona kufikia Alhamisi, waende Griftu kwa basi.

Mzee huyo alikukalisha kwenye usukani watu wakikucheka. Hakufanya hivyo ili uje uogope kumwambia kwamba gari ni bovu. Mpigie leo, kabla hajaja kuchukua ufunguo.