Mashavu ya Safari

Dada yangu kipenzi,

Nimefika nyumbani salama, marubani wenyewe wananijua. Ila nikuulize wewe msomi: ndani ya ndege hakuna jua wala upepo, sasa ngozi inakaushwa na nini?

Unajua mchezo wa mama tangu macho yake yazime. Hataki useme neno mpaka akupapase uso, akutaje mwenyewe. Safari iliyopita nilishuka na mashavu kama msasa, akauliza, "Huyu mgeni nani?" Nilicheka, lakini iliniuma.

Safari hii nikamuuliza mhudumu wa ndege. Akasema, "Kaka, hewa ya humu ni kavu mno. Kunywa maji, upake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu."

Kumbe! Nikanywa mpaka jirani yangu akachoka kunipisha kwenda msalani. Nikajipaka mpaka miwani ikateleza puani.

Mama akapapasa paji, pua, mashavu. Akajifuta mikono kwenye gauni.

"Mwanangu," akasema, "huko angani walikuwa wanakukaanga?"

Mwanangu, dada! Njoo na wewe, mikono yake inakuulizia.

Ndimi kaka yako,
mtanashati wa mawinguni