Siku Tisa Kwenye Kivuko cha Alunguli

Kindu, Komini ya Mikelenge
Tarehe 12 Novemba 2023

Mupendwa Mama Mukubwa Philomène,

Kabla ya yote, nisamehe. Barua yako ilifika kabla ya Pasaka, nikaisoma nikiwa nimesimama, nikasema nitajibu Jumapili. Jumapili zimepita hata sijui ngapi. Si kwamba nilikusahau. Bienfait anaota meno, baba yake Désiré yuko Punia kwenye machimbo tangu mwezi wa sita, na mimi nikikaa chini tu nasinzia na kalamu mukononi. Usilihesabu kuwa kosa la moyo. Ni mwili tu umechoka.

Unaendelea namna gani huko Kigoma? Goti lako linakuruhusu kupanda hadi kanisani? Na kile kikohozi cha asubuhi kimeisha? Sisi tuko wazima. Bienfait amefikisha miezi tisa, munene, mukali kama marehemu babu. Mvua imeanza vizuri na mihogo ya nyuma ya nyumba inasimama. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu wewe mwenyewe ulisema maneno ya telefone yanapotea.

Uliuliza kazi yangu ni nini hasa, maana uliposikia Princesse anafanya kazi ya Google ulidhani nimekwenda Ulaya. Hapana, niko hapa hapa, kwenye biro, ofisi ndogo ya bosi wangu Félicien karibu na soko, vyumba viwili na sahani moja ya jua ya kutupa umeme juu ya bati. Iko hivi. Muntu ana duka, ana hoteli, ana chama cha wakulima. Mugeni anaandika kwenye telefone kile anachotafuta, na Google inamuletea majina, la kwanza, la pili, mpaka la mia. Sisi tunapanga maneno ya muteja wetu, anwani yake na picha zake, ili jina lake lionekane juu, siyo kule chini ambako hakuna anayefika. Félicien anaita kazi hiyo kwa Kifaransa référencement. Mimi naona ni kumuelekeza muntu njia bila kumuona uso.

Félicien ana masharti yake. Hamuahidi muteja nafasi ya kwanza. Wako wengine mujini wanaoahidi, eti wiki moja tu. Yeye anasema, "Hii mashini haina ndugu. Siwezi kuisalimia ikakupendelea." Muteja akiuliza jambo, ajibiwe siku ile ile, hata kama jibu ni kwamba bado hatujui. Na sharti kubwa: kabla ya kuandika lolote, uende kwake kwa miguu yako, ukae kwenye benchi lake nusu ya siku, usikilize watu wanauliza namna gani. Ukirudi unaandika kwenye kitabu cha kazi: nimefika.

Mwezi wa nane alikuja Mama Aïcha, mukunga wa Alunguli, ng'ambo ya muto Lualaba. Ana materniti, nyumba ya kuzalia, ya vitanda sita. Alitaka wanawake wa njia ya Pangi, wa mashamba na wa machimbo, wajue kwamba iko. Kazi nilipewa mimi. Siku ya kwenda, Bienfait aliamuka na homa. Sikuenda. Mama Aïcha alikuwa ametuachia karatasi anazoandikia wagonjwa, na juu yake limepigwa chapa jina la materniti na anwani. Nikanakili anwani ile, nikaiweka kwenye Google. Kisha, Mama Mukubwa, nikafungua kitabu cha kazi na kuandika: nimefika.

Karatasi zile zilipigwa chapa kabla ya vita, maboksi sita, wakati materniti ilikuwa bado huku kwetu Mikelenge. Vita vilipofika nyumba ile iliporwa mpaka milango. Mama Aïcha akavuka muto na mukasi mumoja, taa moja, na maboksi yake, akaanza upya Alunguli. Unajua mwenyewe karatasi ilivyokuwa adimu miaka ile. Mpaka leo anazikata nusu ili zisiishe. Kindu nzima hakuna anayesoma kichwa cha karatasi ile, kwa sababu kila muntu anajua Mama Aïcha iko wapi. Google haikujua, nami niliishi upande huu, nikadhani ana nyumba nyingine huku.

Mwanzo wa mwezi wa kumi muntu mumoja, Roger, alitoka Pangi na pikipiki yake, muke wake nyuma, uchungu umemushika njiani. Wakaingia Alunguli. Walipita karibu na mulango wa materniti, hatua kama thelathini hivi. Hakuuliza muntu. Aulize nini, wakati telefone inamuonyesha Mikelenge? Wakapanda mutumbwi, wakavuka, wakazunguka huku na huku mpaka muuza mikate akawaambia, "Mama Aïcha? Si iko kule mulikotoka?" Wakarudi mutoni. Mutoto alizaliwa katikati ya Lualaba saa sita ya muchana, mupiga kasia amegeuza uso, amenyoosha kitenge kuwakinga jua.

Mutoto ni muzima. Mama yake ni muzima. Maneno hayo najiambia kila siku nikiamuka.

Kesho yake Mama Aïcha alivuka mwenyewe. Aliingia biro, akapewa kiti, akakikataa.

"Mimi nilisomea kazi hii miaka minne," akasema. "Ninyi mumemupa mupiga kasia diplome kwa siku moja."

Félicien akafungua mashini, akaanza kutafuta kosa. Labda ramani, labda mutandao. Mama Aïcha naye alikuwa anailaumu mashini. Nikaona njia imefunguka. Ningenyamaza, kosa lingelala juu ya kitu kisicho na uso. Nina mutoto, baba yake yuko mbali, na kazi hii ndiyo chakula chetu. Lakini nilikuwa namuona yule mwanamuke ndani ya mutumbwi. Nikasema, "Mama, ni mimi. Sikufika kwako. Niliandika tu kwamba nimefika."

Félicien akaiacha mashini. Nilingoja aniambie nichukue mufuko wangu. Akasimama, akamugeukia Mama Aïcha, akasema, "Kosa ni la biro, mama. Na biro ni mimi." Hakusema huyu mutoto, hakusema mufanyakazi wangu. Yale aliyoniambia baadaye tukiwa wawili sitayaandika. Yalikuwa makali na yalikuwa ya haki.

"Basi toeni jina langu mule," akasema Mama Aïcha. "Wakati wa vita wanawake walinipata bila telefone. Wengine walitembea siku mbili porini, kitu walichobeba ni jina langu tu."

Félicien akamujibu, "Ukisema litoke, litatoka. Ni jina lako. Lakini anwani tunaisahihisha leo, na mashini itachukua siku kadhaa kuikubali. Siku hizo zote muntu wetu atakaa kwenye kivuko cha Alunguli, asubuhi mpaka jioni, asivuke mwanamuke kwa bure. Baada ya hapo utaamua."

"Muntu gani?"

Félicien hakunitazama. Nikasema ni mimi.

"Na huyo mutoto?"

"Mugongoni, mama."

"Vizuri. Ukiwa na mutoto mugongoni watakusikiliza."

Nilikaa kule siku tisa. Wapiga kasia walinicheka sana. Mumoja alinipa jina Dada Google. Kila akitia nanga ananiuliza, "Dada Google, niambie muke wangu amepika nini leo." Nilimujibu, "Hajapika, amekuchoka." Siku ya pili walizoea. Siku ya tatu wao wenyewe walikataa kupakia mwanamuke mwenye mimba kabla hajaongea na mimi.

Siku ya sita alikuja musichana wa machimboni, peke yake, tumbo limeshuka. Alikuwa na telefone ndogo yenye kioo kilichopasuka, na bado inamuonyesha Mikelenge. Nilimushika mukono nikamupeleka. Njiani nilimuomba anionyeshe alichoandika. Alikuwa ameandika: fasi ya kuzala Kindu wasiyonitukana, yaani mahali pa kuzaa pasipo matusi.

Mama Mukubwa, mimi nilikuwa nimejaza ukurasa ule Kifaransa kizuri cha hospitali. Yeye alikuwa anatafuta kwa maneno haya. Niliporudi biro Félicien alinionyesha orodha ya maneno ambayo watu waliandika kabla ya kufika kwenye ukurasa wetu. Mimba myezi saba na damu. Mukunga mwanamuke. Kuzala bila bwana. Nilisoma polepole, sikuweza kukaa. Ni kama kusikia watu wakisali ndani ya chumba, nawe uko mulangoni. Hakuna hata mumoja angemwambia muntu maneno yale usoni, lakini waliyaandika kwa vidole, wakiamini kuna jibu. Na jibu tunalipanga sisi, vyumba viwili, sahani moja ya jua. Niliogopa, halafu nikaona ni kitu kikubwa, mpaka leo sijui niseme namna gani.

Niliandika ukurasa upya, kwa maneno yao, nikiwa nimekaa kwenye benchi la Mama Aïcha. Kila sentensi nilimusomea. Mahali nilipozidisha sifa aliniambia, "Punguza. Wakifika wasikute uongo."

Siku ya tisa, saa nne, telefone ilionyesha Alunguli. Nilienda nikamupa aone. Alikuwa na mutoto mupya mukononi, yule wa musichana wa machimboni, anamupima. Alitazama kioo, akatazama mutoto, akatazama tena kioo. Kisha akasema, "Jina langu liacheni." Na alipokwisha kumufunga mutoto akaongeza, "Lakini kila mwezi wewe ndiye utakuja kukaa hapa kusikiliza. Siyo mwingine." Niliitika. Félicien ameniachia kazi yangu, na sasa wateja wa ng'ambo wote ni wangu.

Nisalimie sana Baba Mukubwa Bruno, na dada Hélène na watoto wake, na yule mama jirani anayekusomea barua. Mungu akulinde ukilala na ukiamuka, akupe miguu ya kufika hapa kwetu siku moja umubebe Bienfait mwenyewe.

Ni mimi mutoto wako nisiyekusahau hata nikinyamaza,
Princesse

Ukipata muntu anayekuja kwa njia ya Kalemie, nitumie hivi: fulana mbili za mutoto wa mwaka mumoja, za mikono mirefu, dawa ya kusugua ufizi, ile ya chupa ndogo, daftari tatu za mistari zenye jalada gumu, betri ya kubeba ya kuchajia telefone, koti moja la mvua, pana, la kunifunika mimi na mutoto mugongoni, na bote za mupira namba 38, hata kama zimevaliwa, maana muteja wangu wa wiki ijayo anakaa mbele ya Alunguli, njia ya Pangi, na njia yote ni matope.