Wifi Yangu Lisosomu

Jumamosi, 8 Februari
Darasa la watu wazima Mkuyuni, kama kila Jumamosi. Nimefika na matope hadi magotini. Somo: seli ya mnyama. Mwalimu wetu wa baiolojia ni Tekla, mdogo wa mume wangu. Nyumbani ni wifi. Darasani ananiita "mama wa nyuma", kwa kuwa nakaa dawati la mwisho. Nimechora seli, nikaizungushia ukuta mzuri mnene. Kainua daftari langu watu wote waone. Ukuta ni wa seli ya mmea. Ya mnyama ina utando tu, mwembamba, unaochagua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Darasa zima limecheka. Nami nimecheka. Hasira ninayo hadi sasa.

Jumatatu, 10 Februari
Majina hayaingii. Mitokondria. Ribosomu. Saitoplazimu. Nimeyarudia nikipalilia iliki mpaka jirani akaniuliza nasali kwa lugha gani. Jaribio ni Jumamosi hii. Asiyepata nusu, jina lake haliendi kwenye mtihani wa taifa. Mwaka jana langu halikwenda. Nina miaka arobaini na tatu, nataka kusomea uuguzi. Kwa mwendo huu nitakuwa bibi kwanza.

Jumatano, 12 Februari
Nimepata dawa. Kila sehemu ya seli nimeipa mtu wa nyumba hii, nikaandika nyuma ya daftari.
Kiini: mama mkwe. Amekaa katikati, hainuki, na hakuna kinachofanyika hapa bila amri yake.
Mitokondria: mimi. Chakula kinaingia, nguvu inatoka, wengine wanaitumia.
Golgi: Baba Beno, mume wangu. Kazi yake kufunga mizigo na kuisafirisha. Ndizi anazifunga vizuri, hilo sikatai.
Ribosomu hutengeneza protini, nimewapa kuku. Watu waliisha.
Lisosomu: Tekla. Humeng'enya kila kitu. Akija hapa anamaliza chakula, kisha anaanza watu.
Nimefunga macho, nikazitaja zote bila kukosea. Nimejipikia chai ya mdalasini.

Alhamisi, 13 Februari
Tekla amepita kukusanya kazi za nyumbani. Nilikuwa shambani. Mama mkwe kampa daftari.
Lile lile.
Mungu wangu.

Ijumaa, 14 Februari
Sijala. Nimemweleza Baba Beno, kacheka hadi akakaa chini. Kisha akauliza kama Golgi ni cheo kikubwa kuliko changu. Sina msaada kwenye nyumba hii. Nimefikiria kuugua kesho. Malaria ingefaa. Lakini nikikosa jaribio, mwaka mwingine umepotea.

Jumamosi, 15 Februari
Nimekwenda. Tekla kanipa karatasi bila kunitazama. Swali la tatu: eleza kazi ya lisosomu. Nadhani alilitunga jana. Nimeandika: humeng'enya uchafu na sehemu zilizochakaa za seli. Nilitaka kuongeza "samahani". Nikaona haina alama.

Jumapili, 16 Februari
Baada ya misa Tekla kaja, daftari mkononi. Kamwamkia mama yake, akakaa, akaanza kusoma. Kwa sauti. Lote. Nilikuwa jikoni na mwiko, ugali motoni.
Mama mkwe akauliza: "Kwa hiyo kiini ndiye mimi?"
"Ndiye wewe, mama."
"Kikitolewa?"
"Seli haidumu. Inakufa."
Mama mkwe kaniita. Nimetoka nimeinama. "Mkwe," kasema, "siku zote nilidhani hunielewi."
Tekla kanigeukia. "Wifi, seli isiyo na lisosomu inajaa takataka mpaka inaharibika. Umenisifu, ila hukujua."
Nimesema samahani. Kasema samahani ya ukuta ni yake, alinicheka vibaya, tumelingana. Kisha katoa karatasi yangu. Kumi na sita kwa ishirini. Jina langu linakwenda.
Nimelia mbele ya mama mkwe. Aibu. Kaniambia ugali unaungua, na kweli ulikuwa unaungua.

Jumamosi, 22 Februari
Tekla ametuombea nafasi kwenye maabara ya shule moja mjini Morogoro. Nimekwangua ndani ya shavu kwa kijiti, nikapaka kwenye kipande cha kioo, yeye akadondoshea rangi ya bluu. Nimeinamia hadubini. Kwanza nimeona kope zangu. Kisha giza. Kisha Tekla akazungusha kitu pembeni, taratibu, na vikaja: vitu vyembamba, vimejikunja kingo, kila kimoja na doa la bluu katikati.
"Ni seli zako hizo, wifi."
Nje mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Wenzangu walisimama nyuma yangu wakingoja zamu. Nimewaomba dakika moja zaidi.