Zamu za Bi Mkubwa

1 Februari

Kwa mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na hata ningekuwa na jambo usingelijua kutoka kwangu. Mkeo hajambo? Msalimu yeye. Salamu zako wewe zimo humu ndani, ukizitafuta vizuri.

Bi Mkubwa nimemwacha kwa shangazi, chini ya banda, na barua iko kwenye kisanduku cha spana kama siku zote. Miezi yangu sita imekwisha, sasa ni yako, Mungu amrehemu. Nimemwendesha mpaka kachoka yeye, si mimi. Nimepanda naye mlima wa machimbo kwa gia ya tatu, watu wakasimama barabarani wakauliza yule mzee ni nani, wakaambiwa ni yule mwashi aliyejenga nusu ya mji huu. Pikipiki ya Kiingereza, silinda mbili, umri wake karibu na wangu, na vijana wenye pikipiki zao mpya za plastiki wakabaki nyuma wananusa moshi wetu. Si bure mama alimwita Bi Mkubwa. Alijua baba anampenda nani kwanza.

Sasa sikiliza, maana wewe ni karani, umezoea kukaa. Gia ziko mguu wa kulia, breki kushoto. Usisahau tena ukaingia kwenye kibanda cha kinyozi. Na kabla ya kupiga kiki, rudisha nyuma kile kijiti kidogo cha kushoto kwenye usukani, kile kinachochelewesha moto. Usipokirudisha, kiki itakurudi kwa nguvu ikuvunje mguu kama bua la mahindi. Mimi sijawahi kusahau tangu baba anifundishe. Nasikia huko kuna maneno kwamba nachechemea. Ni kiatu. Kiatu kipya kinabana.

Na kumbuka neno la baba alipotuachia pikipiki hii, shangazi ni shahidi: asiyemwendesha kwenye zamu yake, zamu zake zimekwisha, Bi Mkubwa anabaki kwa mwenzake moja kwa moja. Nasubiri uteleze.

Kaka yako mkubwa


4 Februari

Kwa kaka,

Salamu nimezipata, nilizitafuta sana. Hapa sote wazima, isipokuwa kifua changu kinanisumbua kidogo, nadhani ni vumbi la ghala la miaka yote ile. Natumaini kiatu chako kimepona.

Sikuweza kungoja mpaka Agosti nikuwekee kwenye kisanduku. Barua hii nimempa muuza mkaa anayepita kwenu.

Nimefungua tangi la oili la Bi Mkubwa, kavu. Nikadhani umeniibia, maana hilo nalo liko ndani ya uwezo wako. Kisha nikafungua nati ya chini, na oili yote ikatoka tumboni mwa injini, nyeusi, baridi, ikajaa karai. Kaka, unajua kama ninavyojua. Bi Mkubwa akiendeshwa, pampu huirudisha oili juu kwenye tangi. Akiachwa amesimama miezi, oili hushuka kidogo kidogo mpaka yote inalala tumboni. Usiniambie ni ya usiku mmoja. Usiku mmoja hushusha kijiko, si tangi zima.

Halafu kwenye spoku kuna mchanga wa ujenzi, umechekechwa vizuri. Mlima wa machimbo siku hizi wanauchekecha? Nikamuuliza shangazi. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Kaka yako alikuja amekaa mbele kwenye lori la mchanga," akasema, "na pikipiki nyuma imefungwa kamba kama ng'ombe wa mnada."

Hukumwendesha hata siku moja. Kwa neno la baba, ambalo wewe mwenyewe umenikumbusha, sasa ni wangu. Lakini sitaki useme nimekudhulumu, kwa sababu utalisema mpaka kwenye mazishi yangu. Agosti mosi njoo kwa shangazi. Mwashe mwenyewe, kwa mguu wako, mbele yake. Akiwaka, zamu ni yako. Asipowaka, usiguse tena hata honi yake.

Mdogo wako


23 Februari

Kwa karani,

Hujambo. Salamu ndefu sina, nina hasira, na mkono wangu umezoea mwiko, kalamu unaishika kwa kulazimishwa.

Mwongo mkubwa wewe! Oili ilishuka kwa sababu pampu imechakaa, na ilichakaa kwenye zamu yako. Mchanga ni wa upepo. Lori lilikuwa linakwenda njia yangu na dereva ni rafiki, nisingepanda angenuna. Na shangazi ana mtoto wa jicho, anaona ng'ombe kila mahali.

Na hata kama, nasema hata kama, mtu alisahau kijiti mara moja, asubuhi ya baridi, akili yake iko kwenye ukuta wa watu, na kiki ikamrudi kidogo na kifundo kikalia kwa sauti, mtu huyo si dhaifu. Mtu dhaifu angekwenda hospitali.

Baba alikuwa anasema sisi wawili ni kama pistoni za Bi Mkubwa: zinapanda pamoja, zinashuka pamoja, lakini haziwaki pamoja hata siku moja. Masikini, alidhani anatusifu.

Agosti nitakuja. Andaa kiti ukae, usije ukaanguka kwa mshangao.

Kaka yako mkubwa, na neno mkubwa lisome mara mbili


2 Agosti

Kwa mdogo wangu,

Umelalaje? Mimi nimelala kama mtu aliyekula urithi wote.

Umeona? Nauliza, umeona? Kiki ya nne! Mbwa wa jirani walikimbia mpaka leo hawajarudi. Shangazi akapiga makofi, yeye ambaye alisema baba angetuachia mbuzi badala ya pikipiki tungekuwa tumeshamla na kusahau. Na wewe ukasimama pale umeshika usukani kama anayeshika mbuzi huyo huyo achinjwe, unakohoa, unanung'unika "taratibu, mzee, taratibu," kana kwamba kuna kitu unakijua. Alipowaka uso wako ulikuwa wa mtu aliyekanyaga chura.

Nimerudi naye nyumbani kwa njia ndefu ya sokoni ili wanione. Wameniona. Mguu? Mguu gani? Nimeuweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi kwa sababu napenda maji ya chumvi.

Kikohozi hicho katibiwe. Si kwamba najali. Kilikuwa kinanivuruga wakati napiga kiki.

Kaka yako mkubwa, mshindi


17 Agosti

Kwa kaka,

Hatujambo. Kifua kiko kama kilivyo.

Acha kupita sokoni, unajiaibisha. Siku ile ulitema mate mikononi, ukapanda, ukainua mguu, na kijiti hukukirudisha. Ulisahau tena. Kiki ya kwanza tu ingekuvunja upya, na safari hii mbele ya shangazi. Nilikirudisha mimi kwa kidole gumba wakati unageuza shingo kutazama watu, kama vile wamekuja wengi. Tulikuwa watatu na kuku. Unadhani usukani niliushikia nini? Mapenzi?

Sikufanya kwa upendo, usianze kulia. Nikikushinda nataka nikushinde mwenyewe, nisisaidiwe na kijiti. Na ungelala na plasta ungehurumiwa na kila mtu, na kelele zako za kuhurumiwa nazijua tangu utotoni.

Februari nimkute na oili kwenye tangi. Na asiwe na mchanga.

Mdogo wako


1 Februari

Kwa mdogo wangu,

Salamu. Barua yako ya Agosti sikuijibu kwa sababu haikuwa na kitu cha kujibiwa.

Bi Mkubwa ameendeshwa. Pima oili, iko kwenye tangi, mpaka alama. Plagi nimezisafisha zote mbili, cheni nimeikaza, kabureta nimeifungua nikatoa takataka ulizoziweka wewe. Chini upande wa kulia anavuja matone. Siku asipovuja ujue hana oili, usishangilie.

Kijiti nimekifunga uzi mwekundu ili kionekane. Nimekifunga kwa ajili yako, maana wewe ni msahaulifu.

Shangazi ananiambia safari hii huji kumchukua mwenyewe, unamtuma mkweo, mume wa binti yako. Uvivu huu umeuokota wapi? Sisi kwetu hatukuwa nao.

Kaka yako mkubwa


2 Agosti

Kwa mdogo wangu,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli.

Jana nilikwenda kwa shangazi kuchukua zamu yangu. Bi Mkubwa yuko bandani, amefutwa vumbi vizuri. Mkweo kamleta na lori. Nikafungua kisanduku nianze na matusi yako kwanza. Spana, kitambaa, plagi ya akiba. Barua hakuna. Nikatoa kila kitu nikakipanga chini, nikakung'uta kitambaa. Hakuna. Nikasema huyu sasa amevuka mpaka, ananidharau hata kunitukana.

Kisha nikafungua tangi la oili. Kavu. Nikaweka karai, nikafungua nati ya chini, nikachuchumaa pale naitazama inavyotoka, nyeusi, baridi, haina haraka. Uzi wangu mwekundu uko vilevile kwenye kijiti, fundo lilelile, haujashikwa na mkono wa mtu.

Shangazi akatoka na fimbo yake. Akasema, "Nilimuuliza mkwewe hali ya mdogo wako, akanijibu anapumzika." Wewe! Wewe hujawahi kupumzika kunitukana tangu umejua kusema.

Akaniuliza, "Haya, sema. Mdogo wako amemwendesha au hakumwendesha? Maana neno la baba yako ni neno."

Neno moja tu, mdogo wangu. Ningelisema, Bi Mkubwa angekuwa wangu mpaka kufa, na miaka yote hii nilikuwa naliomba hilo hilo. Karai nikalisukuma nyuma yangu kwa mguu, mguu ule ule.

"Amemwendesha, shangazi," nikasema. "Vibaya, kama kawaida yake."

Akanitazama. Akatazama chini, oili ilikuwa imemwagika kidogo mpaka karibu na kandambili zake. Akasema, "Basi zamu zinaendelea," akarudi ndani. Yale macho yake mabovu yana faida yake.

Oili safi nimeweka. Nimemwasha kwa kiki ya pili, kijiti kikiwa nyuma, na hakuna aliyenishikia usukani. Usukani ulikuwa mwepesi mno, sikuupenda.

Barua hii simpi muuza mkaa. Naiweka kwenye kisanduku, nakaa juu ya Bi Mkubwa, nakuja nayo. Nimeandika kwa sababu sisi tukionana hatujui kuongea, tunajua kuandikiana tu.

Ukisikia mlio usijisumbue kutoka. Nitamsimamisha chini ya dirisha lako na sitamzima. Majirani wako wakasirike, waite wanayemwita, mimi nitakaa juu yake ananguruma mpaka ufungue dirisha unitukane.

Kaka yako